Kidani cha African Heritage: nilichokikuta ndani ya uzi

Nianze na hukumu, mwenye haraka aende zake: ukikutana na kidani cha African Heritage, lile duka la sanaa na mapambo la Nairobi, cha miaka ya 1970 au 1980, na bei yake haikuumizi, kinunue. Kinunue hata kama uzi umekatika na shanga zimemwagwa ndani ya mkebe. Uzi unabadilishwa. Mali iko kwenye shanga na kwenye mpango wake, na mpango wa namna hiyo ni nadra sana kuukuta siku hizi, hata kwenye maduka ya bei ya juu.

Mimi natunga shanga soko la Kariakor hapa Nairobi, karibu na mafundi wa viatu vya ngozi. Kazi yangu kubwa ni bangili na mikufu ya kuuza kwa jumla, lakini watu huniletea pia vitu vya zamani vilivyokatika niwatungie upya. Hivi majuzi akaja mwalimu mmoja mstaafu kutoka Buruburu, mkononi ana mkebe wa biskuti. Akauweka mezani kwa mikono miwili.

"Mwanangu, hiki nilikinunua mwaka 1984 pale Kenyatta Avenue, kwa malimbikizo ya mshahara. Usinipotezee hata punje moja."

Nikamwambia, "Mwalimu, vuta kiti, tuhesabu pamoja." Tukahesabu, nikaandika, nikapiga picha kila upande kabla sijagusa uzi na mkasi. Kwa hiyo haya ninayoyaandika nimeyaona kwa macho na kuyashika, kitu kiko wazi mezani.

Kilivyo, kutoka kifuani kwenda kisogoni: katikati unaning'inia msalaba wa fedha wa Ethiopia, upana wa sentimita sita hivi. Kila upande wa msalaba kuna punje tatu kubwa za manjano iliyokolea, zile ambazo wengi huziita kaharabu, yaani utomvu wa miti ya kale uliogeuka jiwe. Zinafuata shanga za Krobo kutoka Ghana, nyeupe zenye michirizi ya buluu, na baina yake kuna mirija mifupi ya shaba. Halafu vinakuja vipande vya ganda la yai la mbuni, vyembamba, vimepangwa kwa wingi. Mwisho, pale panapokaa shingoni kwa nyuma, ni viduara vyeusi vya kifuu cha nazi mpaka kwenye ndoano ya kufungia. Ukikitazama upesi unaona rangi nne tu: manjano, nyeupe, nyeusi na rangi ya madini. Ile buluu ya Krobo ni kidogo sana, ila ukiitoa kidani chote kinapooza. Nilijaribu. Niliziweka kando nikapanga bila hizo, nikazirudisha haraka.

Nilipotungua ndipo nikaanza kumheshimu aliyekitengeneza. Baina ya kila punje ya manjano na mrija wa shaba kulikuwa na kiduara chembamba cha ngozi, kimekatwa kidogo kuliko ushanga ili kisionekane. Shaba ina ukingo mkali. Ikisuguana na punje laini miaka na miaka, inailia mdomo wa tundu mpaka ipasuke. Kiduara kile kimezuia hilo kwa miaka arobaini. Halafu shanga za Krobo, kwa jinsi zinavyotengenezwa, huwa na tundu pana. Chupa husagwa ikawa unga, unga ukamiminwa kwenye kalibu ya udongo, na katikati kikasimamishwa kijiti cha jani la muhogo. Tanuri likiwaka, kijiti kinaungua na kuacha tundu. Ukitunga ushanga wa tundu pana kwa uzi mwembamba, unalala upande na mkufu unakuwa kama umelewa. Fundi wa kidani hiki alitia ndani ya kila tundu shanga ndogo mbili za kioo, zile za kawaida tunazotumia kwa bangili za Kimaasai, kuushika ushanga mkubwa usimame katikati. Ukikivaa huzioni kamwe. Hakuna mnunuzi aliyewahi kuziona mpaka uzi ukatike. Huyo fundi alizitia tu kwa sababu kazi ilitaka hivyo.

Uzito nao umegawanywa kwa akili. Vizito vyote viko mbele, vyepesi nyuma, hivyo msalaba hauzunguki kwenda begani hata ukiinama. Na kisogoni, ambako jasho ni jingi, hakuna madini isipokuwa ndoano: ni nazi na ganda la mbuni, vitu visivyoweka ukungu wa kijani kwenye kola ya shati. Ubaya wake ni mmoja, kwamba kidani hiki bado ni kizito. Mwalimu alisema alikuwa akikivaa harusini na kukivua kabla ya keki. Mwenye shingo yenye maumivu asijidanganye, atafute cha mfupa au cha mbegu.

Lipo jambo lililoniudhi, wala halikutoka kwa waliokitengeneza. Wakati fulani katikati, uzi wa pamba uliotiwa nta ulilegea na mwalimu akampelekea fundi mmoja wa mtaani. Huyo akaunga kwa uzi wa kuvulia samaki na kutia supagluu kwenye mafundo. Gundi ikaingia kwenye matundu ya Krobo ikaganda. Ilibidi nizilowanishe kwenye asetoni, ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, na kuchokoa kwa sindano, ushanga mmoja mmoja. Tafadhali, mafundi wenzangu, gundi si fundo. Na asetoni msiiguse kwenye punje za manjano wala kwenye kitu chochote chenye asili ya utomvu, inaweza kukilainisha uso na kukiharibu.

Tuje kwenye msalaba. Nilipoupangusa nyuma kwa kitambaa kikavu, pakatokea mistari hafifu, mawimbi ya nywele za mwanamke, na ukingoni mabaki ya herufi. Ule msalaba ulikatwa kutoka kwenye reale ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Hizo ndizo sarafu za fedha zenye mwaka 1780 usoni, zilizoendelea kupigwa kwa mwaka uleule muda mrefu baada ya malkia mwenyewe kufa, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Afrika Mashariki hawakutaka sarafu nyingine. Zilikuwa pesa ya kawaida Zanzibar na Lamu katika karne ya 19, na Ethiopia zilitumika hata baada ya hapo. Masonara wa Ethiopia walikuwa wakizikata au kuziyeyusha kufanya misalaba ya shingoni. Nilimwonyesha mwalimu kwa lenzi yangu ndogo. Alikaa nayo jichoni muda mrefu, akasema, "Miaka yote hii nimemvaa mama huyu na sikumjua."

Punje za manjano si kaharabu ya kweli. Ni resini ya kiwandani, jamii ya bakelaiti, iliyotengenezwa Ulaya tangu mwanzo wa karne ya 20 na kupelekwa kwa wingi kwenye biashara ya Afrika. Wanawake wa Kifulani na wa Mali, Mauritania na Somalia wamezivaa kwa vizazi, wakazirithisha mabinti, na zikipasuka mafundi wao huzishona kwa waya mwembamba. Mwalimu hakushtuka nilipomweleza. Alisema dukani aliambiwa ni shanga za wanawake wa Mali, na hilo ndilo lililomvutia. Lakini ninyi mnaonunua leo jueni, maana kuna watu wanaziuza kwa bei ya kaharabu. Kaharabu halisi ni nyepesi ajabu na huelea kwenye maji yaliyokolea chumvi. Resini hii huzama. Sandarusi, ule utomvu mkavu tunaoujua Pwani, nayo huelea, ila ukiipangusa kwa pamba yenye asetoni inanata papo hapo. Jaribia karibu na tundu, tone dogo tu, pasipoonekana.

Sasa mtu ambaye duka lake, African Heritage, liliweza kuweka Ethiopia, Mali, Ghana, kaskazini mwa Kenya na minazi ya Pwani kwenye uzi mmoja ni nani? Ni Alan Donovan, Mmarekani, mzaliwa wa Colorado mwaka 1938. Alikuja Afrika mwaka 1967 kama afisa wa misaada wa serikali ya Marekani nchini Nigeria, wakati wa vita vya Biafra. Kazi ile akaiacha. Akanunua kibasi cha Volkswagen huko Paris, akavuka Sahara nacho, akaingia Kenya mwaka 1970. Hapa akapanda mpaka Turkana, akakusanya vitu vya watu wa kule: vigoda vya kulazia kichwa, vyombo vya mbao, mapambo ya chuma na alumini, ngozi za wanawake zilizoshonwa vipande vya ganda la mbuni. Akavileta Nairobi, akafanya maonyesho. Kwenye maonyesho hayo akaja Joseph Murumbi, akavipenda, akamwomba arudi Turkana amkusanyie seti nyingine kama ile.

Murumbi ni jina tunalopaswa kulijua zaidi ya tunavyolijua. Mama yake Mmaasai, baba yake Mgoa. Alikuwa waziri wa mambo ya nje, kisha makamu wa rais wa pili wa Kenya mwaka 1966, na akajiuzulu mwaka huohuo. Alikuwa mkusanyaji wa vitabu, nguo, vinyago na mapambo ya Afrika nzima, yeye na mkewe Sheila. Alitamani pawe na mahali jijini ambapo kazi za bara zima zingekaa pamoja na kuheshimiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, yeye na Donovan wakafungua African Heritage, Kenyatta Avenue. Duka hilo lilikuwa la mgeni Mmarekani pamoja na mwana wa Mmaasai na Mgoa aliyewahi kukaa uhamishoni London. Jambo hili huachwa watu wanaposema kwa mkato kwamba "mzungu alikuja akauza shanga zetu."

Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi, hata kutoka kwa wenzangu wa soko la Kimaasai, na sitaki kuipuuza kwa sababu ina uchungu wa kweli ndani yake. Mimi naona hivi. Kwetu ushanga una kanuni. Mmaasai, Msamburu au Mturkana akitazama shingo ya mwanamke anasoma umri, ndoa, watoto, hata ukoo. Mwenye kanuni hizo haendi kuchukua msalaba wa Mhabeshi akauweka juu ya shanga za Mkrobo, hana sababu. Aliyekuja kwa barabara, akayaona yote kwa safari moja ndefu, ndiye alipata wazo la kuyaweka pamoja. Lakini kuchanganya peke yake si ubunifu. Wachanganyaji tunao tele. Pita sokoni Jumamosi uone mkufu wenye kauri, mfupa, shaba, kioo, mbegu na plastiki, kila kimoja kinapiga kelele. Kazi iliyotoka African Heritage ina mtu anayejua kukataa. Kwenye kidani cha mwalimu hakuna kitu chekundu hata kimoja, na nyekundu ndiyo rangi inayouzika kuliko zote hapa Kenya. Mtu aliikataa kwa makusudi ili ile manjano isishindane na chochote.

Donovan hakuwa peke yake. Angela Fisher, Mwaustralia, naye alibuni mapambo pale kabla ya kujulikana duniani kwa picha za mavazi na sherehe za Afrika. Na vidani havikukaa kwenye kabati tu. Donovan alivivisha wanamitindo, akatengeneza mavazi ya vitambaa vya bara hili, akaandaa maonyesho yenye wanamuziki na wanasarakasi, akayapeleka Ulaya na Marekani. Bendi ya duka ilibeba jina hilohilo, African Heritage, na ndani yake alikuwamo Job Seda, ambaye dunia ilikuja kumjua kama Ayub Ogada na nyatiti yake, ala ya nyuzi ya Wajaluo. Fikiria usiku wa namna hiyo: nyatiti inalia, na shaba za mtindo huu zinapita jukwaani. Mwalimu alihudhuria onyesho moja hapa Nairobi, akasema wasichana walitembea wima kuliko kawaida kwa sababu ya uzito shingoni. Namwamini kabisa, nimekipima kidani chake.

Nina dai moja zito, na nalitoa kwa mapenzi. Majina ya wabunifu tunayo. Jina la aliyekata viduara vya ngozi halipo. Aliyefikiria kutia shanga ndogo ndani ya tundu la Krobo hatajwi popote nilipotazama. Na hii ni desturi ya biashara yetu yote, ya jana na ya leo. Mimi mwenyewe niliwahi kupeleka bangili kwenye duka moja la kifahari ndani ya jumba la maduka huku Westlands. Baada ya muda rafiki akaniletea picha kutoka kwenye jarida, bangili zangu ziko mkononi mwa mwanamitindo, na chini yake limeandikwa jina la mwenye duka kama mbunifu. Nilimpigia. Akaniambia, "Lakini si nilikulipa, dada?" Alinilipa, ndiyo. Ila mtoto wangu akisoma jarida lile hatajua mama yake alikaa mpaka usiku akipindisha ule waya. Ndiyo maana nikifungua kazi ya fundi wa zamani namtafuta kwenye mafundo. Huyu wa kidani cha mwalimu alifunga kwa mkono wa kushoto, fundo linaelekea upande ule, na alimalizia kwa kupitisha ncha ndani ya shanga tatu kabla ya kukata. Hizo ndizo habari zake zote nilizo nazo.

Baada ya kazi ile nilishikwa na hamu nikaenda Nairobi Gallery, na hapo pia nitoe tathmini yangu, maana ndipo mahali pa kwenda kama huna mwalimu wa kukuletea mkebe. Ni lile jengo dogo la mawe kwenye pembe ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, karibu na Nyayo House, ambalo watu hulipita kila siku wakikimbilia matatu bila kulitupia jicho. Lilijengwa mwaka 1913, likawa ofisi ya mkuu wa mkoa. Watu waliandikisha hapo vizazi, ndoa na vifo, na hapo ndipo umbali wa barabara kutoka Nairobi ulipoanza kupimwa. Sasa liko chini ya Makavazi ya Taifa, na ndani yake umewekwa mkusanyiko wa Murumbi na African Heritage. Kazi hiyo aliisimamia Donovan mwenyewe, Murumbi akiwa ameshafariki tangu 1990.

Kwa fundi, mahali hapa ni shule. Vyumba ni vichache na si vikubwa, kwa hiyo hauchoki, na huhitaji kukimbia ili umalize. Nenda asubuhi siku ya kazi. Kuna nguo, mapambo, vinyago, samani, na kazi za wasanii wa Afrika. Mimi sikutoka kwenye mapambo. Nilisimama mbele ya fedha ya Watuareg nikitazama jinsi sonara alivyochora mistari kwa patasi, mistari isiyolingana kabisa kwa upana, na ndiyo maana inaonekana hai. Nikatazama shaba ya Afrika Magharibi iliyomiminwa kwa njia ya nta: unachonga umbo kwa nta, unalifunika kwa udongo, unachoma nta itoke, unamimina madini mahali pake, kisha unavunja udongo. Kila ushanga una kalibu yake, haurudiwi. Huku kwetu Kibera mafundi wanayeyusha mabomba na kufuli kuukuu wakapata shaba safi kabisa ya hereni na bangili, na pembe na mifupa wanaipata kwenye machinjio ya Dagoretti. Ujuzi tunao. Ningependa kila kijana wa karakana zile aletwe hapa asubuhi moja na mwajiri wake, aone kazi iliyofanywa bila mashine, arudi na jambo kichwani.

Kiingilio cha mwananchi ni kidogo kuliko cha mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho, na malipo ni kwa simu kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, usitegemee noti. Kelele za barabara utazisikia, jengo liko kwenye njia panda kubwa na hakuna la kufanya. Waliokuwa zamu siku niliyokwenda walinijibu kwa upole kila nilipouliza, na niliuliza mengi. Mmoja wao, kijana, aliona nimeinama sana kwenye kioo akaniuliza, "Mama, umepoteza kitu?" Nikamwambia natafuta fundo. Akacheka, kisha akainama na yeye, tukalitafuta pamoja.

Mwenye nafasi na usafiri, nyumba aliyoijenga Donovan, African Heritage House, iko upande wa Mombasa Road ikitazama Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Kuta zake zina rangi ya udongo mwekundu na minara iliyochukuliwa kutoka misikiti ya Mali. Reli ya SGR ilipokuwa ikipangwa nyumba hiyo iliingia hatarini kubomolewa. Ikaokolewa, na mwaka 2016 ikatangazwa rasmi kuwa turathi ya taifa. Nyumba ya Murumbi ya Muthaiga haikuwa na bahati hiyo, ingawa aliiuzia serikali pamoja na sehemu kubwa ya hazina zake badala ya kuziuza ng'ambo. Vitabu na vitu vyake vingi viko kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa (Kenya National Archives), Moi Avenue, na pale pia panafaa kutembelewa. Donovan alifariki Desemba 2021, akiwa amekaa Kenya zaidi ya nusu ya maisha yake. Mtu wa namna hiyo mimi siwezi kumwita mgeni tena.

Kwa anayetaka kununua, niseme machache. Duka la Kenyatta Avenue halipo tena, lilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo utakutana na vitu hivi kwenye minada ya nyumbani, kwa familia zinazohama, au mtandaoni. Kishike kwanza: kidani cha zamani ni cha baridi mkononi na kizito. Angalia midomo ya matundu. Ushanga uliovaliwa miaka mingi mdomo wake ni laini na wa mviringo, uliochovywa rangi ya chai ili uonekane mzee mdomo wake bado unakwaruza. Ganda la mbuni ukilitazama kwa karibu lina vitundu vidogo sana usoni, plastiki haina. Fedha ya Ethiopia inusie na uisugue kidogo, ikitoa harufu ya sarafu ya shaba huenda ni shaba iliyopakwa. Na ukikipata, usikipulizie manukato. Paka manukato, subiri yakauke, ndipo uvae. Kihifadhi kimelala, kisining'inizwe msumarini, maana uzito wake wenyewe utauchosha uzi. Kitungwe upya kila baada ya miaka michache hata kama hakijakatika.

Cha mwalimu nilikitunga kwa uzi wa nailoni uliosukwa, nikaurudisha ule mpango neno kwa neno, nikakata ngozi mpya kwenye vile viduara vilivyoliwa, na zile shanga ndogo za ndani nikazirudisha zilezile. Nilimtoza shilingi 2,500.

Kama wewe, au mama yako, au shangazi yako, alitunga shanga African Heritage miaka ile, njoo Kariakor uniulizie kwa mafundi wa ngozi. Hasa kama anatumia mkono wa kushoto. Njoo na kidani chochote kilichokatika, chako au chake, nitakitunga bila malipo, na jina la aliyekitengeneza nitaliandika kwenye daftari langu pamoja na picha ya kazi yake.